Mwaka wa Gita Bila Stima

Kemunto alinipigia simu Jumapili asubuhi, nikiwa na povu la sabuni mikononi, naosha vyombo, akaniambia mama yake ananiita niende kwake Nyaramba. "Anasema ulete ile kitu," akasema. "Na ulete na stima yake." Nikacheka, nikidhani ananitania. Mama yake huyo, Mong'ina Bosibori, kama tunavyomwita mama mzee kwa heshima, ndiye mtu pekee aliyewahi kunikataza kuchomeka gita langu kwenye umeme, na alinikataza mwaka mzima bila kuchoka. Nikamuuliza Kemunto kama ndivyo alivyosema. "Hivyo hivyo," akajibu, kisha akasita kidogo. "Na alisema kwa Kiswahili." Hapo nikavuta kiti nikakaa. Sisi huku milimani Kiswahili ni cha shuleni, cha mjini na cha kuongea na mgeni. Nyumbani ni Kigusii. Lakini Mong'ina alikuwa na desturi yake mwenyewe: akikasirika, aliacha Kigusii na kuhamia Kiswahili, kile cha baraza la chifu, kibovu lakini kikali. Mwaka mzima niliokaa kwake nilikisikia mara chache tu, na kila mara mwenye kosa nilikuwa mimi. Safari hii pia nilijua kosa langu. Wiki mbili kabla ya simu hiyo nilihojiwa kwenye redio ya lugha yetu, mtangazaji akaniuliza nani alinifundisha kupiga gita kwa kidole gumba, nami nikajibu bila hata kumeza mate kwamba hakuna, nilijifundisha mwenyewe. Na redio ya Mong'ina haizimwi ila siku ya Sabato.

Wazazi wangu na kijiji nilichozaliwa nitaviruka, maana hakuna aliyeviuliza na havihusiki na gita. Nianzie pale nilipokuwa na miaka ishirini na minne, nina cheti cha ualimu na sina kazi, na Jumapili napiga gita la kawaida katika bendi ya harusi pale Kisii mjini. Mwenye bendi alikuwa Nyamweya, mtu mrefu, mwenye maneno machache na viatu vinavyong'aa kuliko vyombo vyake. Mpiga besi wake alikuwa ameenda Uarabuni kutafuta maisha, na wakati huohuo Nyamweya alinunua kwa mtu aliyerudi kutoka ng'ambo gita la ajabu: gita la stima lenye nyuzi nane badala ya sita, zile mbili za ziada zikiwa nene, zenye sauti ya chini kabisa ya kutikisa meno. Alitaka mtu mmoja apige besi na gita kwa pamoja, na njia yenyewe ilikuwa ya kuchapa nyuzi kwa kidole gumba. Wanaume wote wa bendi walijaribu, wakalirudisha mmoja mmoja wakisema lina shetani. Mimi nikaomba nijaribu. Nyamweya akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Moraa, lichukue, nakupa mwaka," akasema. "Desemba unakuja hapa, unanipigia hii kitu mbele ya watu wote. Ukiweza, nafasi ni yako. Ukishindwa, gita linabaki hapa na wewe uende tu ukafundishe watoto." Akacheka, wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, huku moyoni nikijua sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kile.

Wiki hiyohiyo nikapata kazi ya muda katika shule moja ya msingi upande wa Nyaramba, na Kemunto, tuliyesoma naye chuoni, akaniambia mama yake ana chumba. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Mong'ina Bosibori nikiwa na sanduku moja na gita mgongoni. Chumba kiliegemea jikoni. Ukuta wa udongo ulipakwa chokaa ikaishia nusu, kulikuwa na kitanda cha mbao, meza yenye mguu mmoja uliokalia kipande cha tofali, na dirisha dogo lililotazama mistari ya chai ikishuka hadi mtoni. Moshi wa jikoni uliingia kupitia mwanya wa juu ya ukuta, kwa hiyo nguo zangu na hata madaftari ya wanafunzi vilinuka chakula cha jioni. Tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu, aliyoichemsha na maziwa mpaka uchungu ukasalimu amri, na asubuhi ndizi za kuchemsha na uji. Chai hatukunywa. Mong'ina alikuwa Msabato wa kweli kweli. Aliilima chai maisha yake yote, ikamsomeshea watoto wanne, na hakuionja. Nilipomuuliza kama hana hamu hata ya kujua ladha yake, akanijibu kwamba hata mwenye duka la sumu ya panya haonji.

Siku ya kwanza nilipolitoa gita kwenye mfuko, alisimama mlangoni akalitazama kwa muda mrefu. Nyumba yake ilikuwa imeingiziwa umeme mwaka uliotangulia: balbu mbili, na soketi moja sebuleni iliyotumiwa na redio. Akaona waya wangu. Akahamia Kiswahili. "Mwalimu. Stima ni ya taa na ya redio. Hiyo kitu yako, hapana." Gita la stima kwake lilikuwa kitu cha disko, na disko haikuwa na nafasi kwenye kiwanja chake. Nikasema sawa, Mong'ina. Ningesema nini? Kodi ilikuwa ndogo na mboga ilikuwa tamu. Nikajipa moyo kwamba gita la stima hata bila stima lina kasauti, kadogo, kakavu, na kwamba vidole havijui kama kuna umeme au hakuna. Kosa langu kubwa la mwaka ule nililifanya hapo, na lilinichukua miezi kumi na moja kulijua.

Video za mafunzo nilizitoa kwenye saiba, duka la intaneti, Nyamira mjini, nikazijaza kwenye kadi ya simu. Aliyefundisha alikuwa mgeni mmoja mwembamba ambaye kidole gumba chake kilienda kama sindano ya cherehani. Maelezo yake yalikuwa rahisi kuyasema: kidole gumba kinauchapa uzi kwa kushuka, kinapita moja kwa moja na kutua juu ya uzi unaofuata, halafu kikipanda kinaukwaruza uzi uleule kutoka chini, nao unalia mara ya pili, kisha kidole cha shahada kinadonoa uzi mwembamba, paa! Sauti tatu katika muda wa moja. Kushuka nilikuweza wiki ya kwanza. Kudonoa, wiki ya pili. Lakini kupanda, aisee! Kidole kilipanda kimya kabisa. Nilikwama Februari, nikakwama Machi, muhula wa kwanza ukaisha nimekwama. Kila siku nikitoka shule nilikaa kitandani kuanzia saa kumi hadi jua linapozama, nikichapa kwa nguvu kwa sababu nisipochapa kwa nguvu sisikii kitu. Ngozi ya kidole ikatoka lengelenge, likapasuka, likarudi. Ijumaa jioni gita liliingia uvunguni, na nilikaa Sabato nzima kanisani nikipiga kidole gumba kwenye paja chini ya Biblia. Najua ni dhambi ndogo, lakini niliifanya na sikujuta.

Upande wa pili wa ukuta, jikoni, ndiko kulikokuwa na bunge. Jirani yetu, Mama Nyanchama, alikuja karibu kila jioni kuazima kitu asichokihitaji na kukaa mpaka mboga iive. Jioni moja ya Mei nilimsikia akishusha sauti, na Mama Nyanchama akishusha sauti ndipo unamsikia vizuri. "Mong'ina, huyu mwalimu wako ana tabia," akasema. "Anakula peke yake." Mong'ina akauliza anakula nini. "Njugu! Wewe husikii? Kila jioni anazivunja humo ndani. Tok, tok, tok. Gunia zima ameshalimaliza, na jirani hajapewa hata moja. Hata maganda hayaonekani nje. Mimi nadhani anayaficha chini ya godoro." Kwetu unaweza kusamehewa mambo mengi, lakini kula kwa siri ukisikika na jirani yuko jikoni, hilo ni jambo la kujadiliwa. Nikasikia kigoda kikisukumwa. Mlango ukagongwa. "Mwalimu! Fungua. Njugu iko wapi?" Kiswahili. Nikafungua, gita mkononi, hofu imenijaa bila hata kujua naogopa nini.

Waliingia wote wawili. Mama Nyanchama aliinua godoro kwanza. Hakupata kitu, akavunjika moyo waziwazi, akaketi juu yake. Mong'ina akaniambia nifanye kile ninachofanya kila jioni. Nikachapa. Tok, tok, tok. "Kumbe ni hii," akasema, na hasira ikamtoka usoni, mahali pake ukaingia udadisi ambao sikuutarajia kwa mtu aliyekataa kuonja chai. Aliketi karibu nami, akarudi Kigusii, akaanza maswali. Kwa nini nyuzi nane? Kwaya nzima ya kanisa ina sauti nne tu. Hizi nne nyingine ni za akina nani? Kwa nini zile za chini nyembamba na hizi nene? Na kwa nini nauchapa uzi kama mtu anayemfukuza nzi? Nikamwonyesha ile video. Akaitazama mara tatu, simu ameishika mbali na uso, macho ameyakunja. Kisha akanitazama mimi mkono, mkono tu, kwa muda mrefu. "Yule mgeni mkono wake unaenda na kurudi na kitu," akasema. "Wako unaenda na kitu, unarudi bure. Jumapili usiende mahali. Utachuma chai na mimi."

Sikuelewa, lakini Jumapili nilienda. Umande ulikuwa bado unalowesha magoti na ukungu umelala mtoni. Akanifunga kikapu mgongoni, akanionyesha mara moja: majani mawili na kichipukizi kimoja, kidole gumba kwa juu, unavunja, huvuti. Ukivuta unaumiza mti. Ukiponda, kule kituo cha kuuzia chai wanaitazama na kuimwaga. Halafu akaanza kazi, nami nikasimama kama mjinga nikimtazama. Mkono wake ulienda mbele ukivunja, na uliporudi ulivunja tena njiani. Wangu ulienda mbele, ukavunja kimoja, ukarudi hivi hivi, ukaenda tena. Alikuwa na kijiti, na kila mkono wangu uliporudi bila jani alinigonga nacho kiwiko. "Umerudi bure!" Nikachuma. "Bure!" Mama Nyanchama, mstari wa pili, alicheka mpaka akamwaga majani yake. Saa sita mchana kikapu chake kilikuwa kinafurika na changu kilikuwa na aibu tu chini. Nilienda Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine, hadi likizo ya Agosti nilipokuwa nikichuma naye siku zote isipokuwa Sabato. Kidole gumba kikaota ngozi ngumu upande wa ndani, kikawa cheusi kwa utomvu usiotoka hata kwa majivu. Sijui ni siku gani hasa mkono ulianza kurudi na kitu. Najua tu kwamba kijiti kilinyamaza.

Jumanne moja ya Septemba nilikaa kitandani, nikachapa, na kidole kilipopanda uzi ukalia. Nikaacha kupumua. Nikarudia, ukalia tena: chini, juu, donoa, chini, juu, donoa. Toka-ta, toka-ta. Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria, na sauti ya Mong'ina ikapita juu ya ukuta: "Haya! Huo sasa umerudi na kitu." Nililia, sina haja ya kuficha. Akaingia na mwiko bado mkononi, akainama, akaweka sikio karibu na mbao za gita, akaniambia nirudie. Nikarudia. "Huo mmoja unaongea vizuri," akasema, "lakini hizo nyingine saba zinanung'unika." Mimi sikuwa nimewahi kuyasikia hayo manung'uniko. Akatoka, akarudi na kitambaa chake cha zamani cha kichwa, cha buluu yenye maua meupe, akachana kipande, akakifunga juu kabisa kwenye shingo ya gita, pale nyuzi zinapoanzia, kwa fundo lile analofungia ndama. Nyuzi zikanyamaza, ikabaki ile moja niliyoichapa. Tangu siku hiyo maagizo yakawa ni hayohayo ya shambani: vunja, usivute, usiponde, usirudi bure. Na kila jioni Mama Nyanchama aliuliza kwa sauti kama njugu zimeiva.

Desemba ilipofika Mong'ina alinisindikiza hadi barabarani, akaniombea kwa maombi marefu yaliyotaja gita kwa jina la "kazi ya mwalimu", akanipa ndizi za kumpelekea huyo Nyamweya. Bendi ilifanyia mazoezi ghorofani, juu ya duka la vyombo, chumba chenye zulia la kahawia na harufu ya sigara. Nikiwa kwenye ngazi niliangalia gita langu na kuona kile kitambaa. Kilikuwa kimechakaa, kina doa la masizi, kinanuka jikoni. Nikawafikiria wale wanaume na viatu vya Nyamweya. Nikakifungua, nikakitia mfukoni. Ndani wakanikaribisha kwa vicheko, wakanipa waya, nikachomeka gita kwenye spika kwa mara ya kwanza tangu Januari, nikachapa. Mungu wangu! Chumba kizima kiliunguruma. Nyuzi zote nane zililia kwa pamoja, kila mkwaruzo wa kidole ukawa ngurumo, na mkono wangu, uliozoea kupiga kwa nguvu ili nisikie mwenyewe, ulikuwa kama unapiga mlango. Niliacha, nikaanza upya, ikawa vilevile. Mpiga ngoma akaziba masikio. Nyamweya akanyoosha mkono. "Lete gita, Moraa," akasema, tena kwa upole, na upole huo ndio uliouma.

Sikulitoa. Nikasema, "Ngoja kidogo," nikawageuzia mgongo, nikatoa kitambaa mfukoni nikakifunga kwa fundo la ndama. Nikavuta pumzi nikaifikiria chai ya asubuhi yenye umande, jani unalolivunja bila kuliponda, nikaushusha mkono kwa wepesi huo. Toka-ta. Kulikuwa na besi, kulikuwa na ngoma, kulikuwa na gita, na mtu alikuwa mmoja. Nilipiga kipande chote, nikakirudia kwa kasi zaidi, na nilipomaliza mpiga ngoma alikuwa amekwisha kaa kwenye ngoma zake akinifuata. Nyamweya alikuja akakitazama kidole changu cheusi. "Nafasi ni yako," akasema. "Lakini niambie, nani amekufunza hivi?" Jina lilikuwa ulimini. Nikawaona wote wananisubiri, nikajiona nikisema ni mama mmoja mchuma chai, kule Nyaramba, asiyeruhusu gita lichomekwe, na nikavisikia vicheko kabla havijatoka. "Video tu," nikasema. "Nilijifundisha mwenyewe." Akakigusa kitambaa. "Na hiki?" Nikasema nilikiokota.

Uongo ule nimeusema miaka kumi na mitatu. Niliusema harusini, niliusema Nairobi, niliusema kwa wanafunzi wangu wa gita ninaowagonga kiwiko kwa kalamu. Sababu ya kwanza ilikuwa aibu, na aibu ilipoisha ikabaki mazoea, na hilo naliona baya zaidi. Kwa Mong'ina nilienda mwanzoni kila likizo, halafu kila mwaka, halafu nikawa natuma salamu kwa Kemunto. Sikuwahi kumpigia gita likiwa na stima. Nilijiambia kwamba yeye ndiye hakutaka.

Basi baada ya simu ya Kemunto nilipita soko la Magwagwa nikanunua njugu, debe zima, nikafika Nyaramba na gita na spika ndogo. Ukuta wa chumba changu umejengwa upya kwa matofali. Mong'ina alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, mwembamba, kidole gumba chake kimepinda na hakinyooki tena. Masikio yake, Kemunto alinitahadharisha, yamepungua sana. Redio sasa anaiwekea sikio. Pembeni walikuwa Mama Nyanchama na wanakwaya sita, wamejipanga kama baraza. Nikamsalimia kwa Kigusii. Akainuka mwenyewe, polepole, akaichomoa redio, akanyoosha kidole kwenye soketi. "Weka stima."

Nikaweka. Nikapiga kipande kilekile cha Desemba ile, mkono ukienda na kurudi, na kile kitambaa cha buluu, ambacho siku hizi kimebaki nyuzi zaidi ya maua, kikiwa shingoni mwa gita. Vikombe vilitetemeka kabatini. Mong'ina alikuwa amefumba macho na kiganja amekilaza juu ya spika. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi, kwa maana waliambiwa wasipige. Mong'ina akafumbua macho akamwambia Mama Nyanchama, "Uliza." Mama Nyanchama akakohoa, akajiweka sawa kama mtangazaji. "Mwalimu," akasema kwa Kiswahili alichokifanyia mazoezi, "watu nyumbani wanataka kujua. Kupiga hii gita, nani alikufundisha?"

"Ni Mong'ina," nikasema.

"Sisikii," akasema Mong'ina.

"Ni wewe, Mong'ina. Ulinifundisha shambani, kwa kijiti."

"Sisikii. Hawa wa nyuma pia hawasikii."

Nikasimama, gita likiwa bado limenining'inia, nikapaza sauti hadi kuku wakaruka pale mlangoni: "Alinifundisha Mong'ina Bosibori! Nilidanganya redioni, na nilidanganya kabla ya redio. Nisamehe." Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta. Mong'ina akanyoosha mkono wake wenye kidole kilichopinda, kiganja juu, na Kemunto akanionyesha kwa macho lile debe. Nikamjazia njugu. Akavunja moja, akamgawia Mama Nyanchama nusu, akatafuna taratibu. Kisha akaniuliza, kwa Kigusii, kama nimekula.